Kazi Ambayo Hatukuiandika

Muyama, Kasulu
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Skolastika,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana afya, na mwandishi husema yeye ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Umekwenda misheni kuagana na masista, sanduku lako liko hapa mlangoni, na mimi nimeweka kipande cha ubao magotini naandika. Nitaiacha barua juu ya sanduku uikute ukirudi. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini wewe na mimi tukikaa kuzungumza huishia kwenye habari za mbuzi na mvua, kisha mmoja wetu anakumbuka ana kazi nje.

Sikuandikii habari za wezi wa stesheni, wala namna ya kufunga fedha kwenye upindo wa kitenge. Hayo utaambiwa kesho na kila atakayekushika mkono, wakiwamo wasiowahi kuiona treni. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilomwambia jirani yetu Mama Jenoveva juzi mkifua nguo kijitoni, naye akaja kuniambia. Ulimwambia utapanda lori kesho ili nisikasirike, lakini ukisikia huko Dar es Salaam kwamba bibi yako amezidiwa, utarudi kwa treni ya kwanza. Chuo kitangoja, ulisema, maana mwaka jana kilingoja.

Mwaka jana hakikungoja, Skola. Nafasi yako alipewa mtu mwingine, na hii ya sasa ni nyingine uliyoiomba upya. Barua ya kukupokea inasema wazi kwamba anayeacha masomo katikati hapokelewi tena. Umeisoma, maana uliikunja hapo hapo penye mstari huo.

Kwa hiyo nina jioni moja ya kukuomba usirudi. Nitaanzia mbali, kama ilivyo desturi yangu. Vumilia, ndiyo mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Unajua kwamba zahanati ya Nyabibuye, kule Kibondo karibu na mpaka, ambayo niliisimamia mimi, ilichelewa mwaka mzima. Hujui ni kwa nini, kwa sababu hapa nyumbani nilisema ni mvua. Mvua ilikuwapo, ni kweli. Lakini mvua huja kila mwaka, tena majira yale yale, na msimamizi wa ujenzi anayesema amecheleweshwa na mvua anajitukana mwenyewe.

Watu wa kule walikuwa wamehamishwa tu kutoka vilimani kuja kukaa pamoja kando ya barabara, kama ilivyokuwa kila mahali wakati ule. Waliahidiwa zahanati, na idara ya ujenzi ikamleta mhandisi kijana, Lazaro, aipange kazi pamoja nami. Alikuwa mpole na alikuwa na akili. Alipasua mfuko mtupu wa saruji, akaukung'uta, akautandaza chini, upande wa ndani ukiwa juu, akapiga magoti.

"Mzee Petro," alisema, "nitajie kazi zote, ndogo na kubwa. Na kila kazi uniambie inasubiri nini."

Nikamtajia. Msingi unasubiri mawe. Kuta zinasubiri msingi na matofali ya kuchoma. Kenchi za paa zinasubiri kuta, mabati yanasubiri kenchi. Matofali yanasubiri tanuru, na tanuru linasubiri kuni pamoja na matofali mabichi yaliyokwisha kukauka. Kila kazi aliichorea duara, ndani yake akaandika itachukua siku ngapi, na kutoka duara hadi duara akavuta mshale.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza kwa urahisi wake. Aliifuata mishale tangu mwanzo hadi mwisho, njia moja baada ya nyingine, akijumlisha siku. Njia ya saruji: kuiagiza Kigoma, kupata lori, kuipandisha milima. Njia ya mbao. Njia ya matofali. Ile iliyotoka ndefu kuliko zote akaipitishia kalamu nyekundu.

"Hii ndiyo inayoamua siku ya kufungua zahanati," alisema. "Usitazame kazi iliyo ngumu, wala yenye vitu vya gharama. Tazama njia iliyo ndefu. Ukichelewa siku moja hapa, jengo zima limechelewa siku moja. Hizi nyingine zina nafasi. Saruji ikichelewa wiki, italala stoo wiki moja pungufu, basi."

Nilikuwa nimejenga miaka mingi bila kulijua hilo. Nilidhani msimamizi mzuri ni anayekimbiza kila kitu kwa kasi ile ile na kumfokea kila mtu kwa sauti ile ile. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, na nadhani hata yeye alifundishwa hivyo.

Njia nyekundu ilikuwa ya matofali. Lazaro akaniuliza mara ya mwisho, kalamu bado iko mkononi: "Kuna kitu kingine kuni zinasubiri?" Nikamjibu hakuna. Kuni zinasubiri watu wazikate, na watu wapo.

Hapo sikusema kweli. Mimi ni Muha, nimezaliwa hapa hapa Muyama. Najua kwamba watu wa kwetu huitana kazini kwa pombe. Ukitaka kuezeka nyumba au kulima shamba kubwa, unakamua ndizi kwanza, unaweka mtungi uani, ndipo unaita majirani. Mtu haji kwa ajili ya kulewa, na pombe yenyewe si mshahara. Anakuja kwa sababu umejisumbua kwa ajili yake kabla hujamsumbua. Lakini mkubwa wa wilaya alikuwa amepiga marufuku pombe saa za kazi, na mimi niliona aibu kulitaja neno hilo katika mpango wa serikali, mbele ya kijana aliyesoma. Nikamwambia aandike: wananchi watajitolea. Mficha uchi hazai, Skola, nami niliuficha vizuri sana.

Siku ya kwanza walijitolea. Walikuja na vifurushi vya kuni ambavyo ungepikia maharage sufuria moja. Siku ya pili walikuja wachache, ya tatu wakaja wale wasiojua kutunga sababu. Mimi wakati huo sikuwapo. Nilikuwa Kigoma nagombana na makarani wa stesheni juu ya saruji, ile ile yenye nafasi, kwa sababu lori na mifuko ni kitu cha kuonekana. Nilirudi nimekaa juu ya mzigo kama chifu. Wakanipigia makofi, nikafurahi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bahenda, hakupiga makofi. Alikuja kibandani kwangu kesho yake asubuhi.

"Mwakeye, msimamizi."

"Mwakeye, mzee. Watu wako wamegoma?"

"Hawajagoma. Wanalima."

"Na kuni?"

"Kuni uliwatuma, hukuwaita. Mtu aliyetumwa akirudi nyumbani anakumbuka jembe lake."

Nilielewa mara moja, wala sikujifanya sikuelewa. "Basi tukamue ndizi," nikasema. "Wilaya wakiuliza, nitajibu mimi."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ndizi zipi? Migomba yetu tumeiacha kule tulikotolewa. Hapa tumepanda, lakini mtoto akisimama karibu nayo anaipita."

Hapo ndipo nilipoiona njia jinsi ilivyokuwa ndefu. Kurudi vilimani kwenye migomba isiyo na mwenyewe. Kukata mikungu ambayo nyani wameibakiza. Kuibeba, kuifukia shimoni mpaka iive, kuikamua kwa nyasi, kutia unga wa mtama, kungoja ichachuke. Baada ya yote hayo ndipo kuni, na baada ya kuni ndipo tanuru. Zahanati ya serikali ilianzia kwenye shamba lililoachwa kilimani. Kila mtu kijijini alilijua hilo, karatasi yetu tu ndiyo haikujua.

Pombe ilipokuwa tayari, walikuja kweli. Walikuja wanawake kwa wanaume, wakiimba, na kuni zikapanda kama nyumba. Tulikuwa tumeanza kulipanga tanuru mvua ilipotukuta. Matofali mabichi, kazi ya kiangazi kizima, tuliyafunika kwa nyasi na majani ya migomba. Haikusaidia. Kulipopambazuka safu zilikuwa zimelala, pembe zimeyeyuka, ukishika tofali linabaki mkononi kama ugali. Mzee Bahenda alisimama akayatazama, akaokota moja, akalirudisha chini taratibu, akaenda zake. Niliumia sana. Nikakaa kibandani nikaandika ripoti, nikaijaza mvua.

Kiangazi kilichofuata Lazaro alirudi na mfuko mwingine wa saruji. Nikamwambia duara la kwanza aandike kukata ndizi. Alinyanyua uso.

"Mwaka jana nilikuuliza, mzee," alisema.

"Uliniuliza."

Aliandika kukata ndizi, akaandika kukamua pombe, akazivutia mishale hadi kwenye kuni, akapitisha kalamu nyekundu juu yake yote. Kisha akapendekeza tuiite maandalizi ya wananchi, wakubwa wasije wakachukia. Nikamwambia tukianza kuipamba majina tutaisahau tena. Ikabaki pombe. Zahanati ilifunguliwa kabla ya mvua, na sijui kama kuna mtu wilayani aliyewahi kuisoma ile karatasi.

Sasa nije kwetu.

Bibi yako alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukakataa, mimi nilikuwa na mpango wa nyumba hii kichwani. Kulikuwa na kazi yangu ya idara, shamba la maharage, na chuo chako. Niliupanga vizuri. Sikuandika mahali popote nani atamgeuza bibi kitandani, nani atamwosha, nani atamlisha uji kijiko kwa kijiko huku nusu unarudi kidevuni. Sikuandika kwa sababu ilikuwa ikifanyika. Kila nilipoamka nilikuta imefanyika. Mtoto wa kiume hamwoshi mama yake mzazi, huo ni mwiko wetu na mimi siubishii. Mama yako amelala makaburini tangu ukiwa hujui kufunga vifungo. Basi kazi ilikuangukia wewe, hakuna aliyekuuliza, na mambo mengine yote ya nyumba hii yakawa yanasimama juu ya kazi hiyo.

Kuna jambo moja la Lazaro sijakuambia. Alisema njia yenye nafasi haibaki na nafasi siku zote. Ukiwachukua watu wake leo, ukachukua lori lake kesho, kwa kuwa yenyewe inaweza kungoja, siku moja utaitazama ukute nayo imekuwa nyekundu. Katika nyumba hii mwenye nafasi ulikuwa wewe. Ulikuwa mdogo, una akili, hulalamiki. Kila kilichokwama tulikikwamua kwa siku zako. Mwaka jana barua ya chuo ilipokuja nilisema, Skola atangoja kidogo. Nilisema hivyo mbele yako, ukaitikia, ukaenda kuchemsha maji. Sikulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi nilikunywa uji uliopika wewe nikaondoka kwenda kazini.

Nafasi hiyo imekwisha, ndiyo maana nimepanga upya. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Jenoveva. Nilibeba mtungi wa pombe, maana walau hilo nilikwisha kujifunza. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Nina shida," nikamwambia.

"Shida yako naijua. Ni yule mukecuru, mama yako. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Nikamwambia ninachotaka: amwoshe asubuhi na jioni, nami nitalima shamba lake pamoja na langu.

"Ego, ndiyo, utalima," akasema. "Lakini usiseme ni malipo. Mimi nilivuka kutoka Burundi na watoto watatu na sufuria moja." Kisha akamalizia kwa lugha ya kwao: "Namwe mwaranyakiriye." Nanyi mlinipokea. Akavuta ule mtungi, akauweka upande wake.

Kuosha ni juu yake. Kupika, kuchota maji na kulisha ni juu yangu. Nimeomba idara wasinipeleke tena kazi za mbali, wakakubali kwa kunishusha cheo. Usisikitike, cheo ndicho kilichokuwa na nafasi. Najua pia unawaza kwamba hakuna ajuaye bibi hutaka nguo ikunjwe iwekwe chini ya goti lake. Mama Jenoveva anajua, wewe mwenyewe ulimwonyesha.

Limebaki lile gumu, nalo nitaliandika bila kulizungusha. Bibi atakufa ukiwa chuoni. Mganga wa misheni amesema, na wewe na mimi tumeiona miguu yake inavyovimba. Wapo walionishauri nikuandikie kwamba yu mzima mpaka masomo yaishe, wakasema ndiyo huruma. Siwezi. Mimi niliwahi kuandika mvua. Siku hiyo nitakwenda posta ya Kasulu nikupelekee simu ya maandishi, nayo itasema kilichotokea.

Nawe usije. Ifuate mishale pamoja nami. Simu ifike chuoni, wakutafute, upewe ruhusa, upate tiketi, treni ivuke nchi yote hadi Kigoma, upate lori la kupanda Kasulu, kisha uje Muyama. Huku upande wetu, kuna kuchimba kaburi, kuwaita ndugu na kumwita padri, basi. Sisi huzika kesho yake. Ukikimbia namna gani, utakuta udongo umekwisha kukauka juu. Utakuwa umeyakosa mazishi na umekikosa chuo. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi nikitafuta mahali pa kuifupisha, hata kwa kumfikiria mtu mwenye gari. Hapapo. Iliniuma kuliko yale matofali.

Ndugu watasema. Shangazi zako watasema binti aliyelelewa na bibi tangu kunyonya hakuja kumtupia hata gao moja la udongo. Waje kwangu, nitawajibu mimi, na sitawajibu kwa upole. Ukitaka kunyoa nywele, nyoa huko. Ukitaka kulia, lia mpaka uchoke, kisha urudi darasani. Mimi hapa nitalia. Nakuambia mapema kwa sababu hujawahi kuniona nikilia, na mtu anaweza kukusimulia ukafikiri anatia chumvi.

Leo mchana, ulipotoka tu, niliingia kwa bibi nikamweleza yote haya polepole. Nilimwambia siku hiyo Skola hatakuwapo, na kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akasema kwa ule mdomo wake unaovutwa upande mmoja: "Aze ansezere nkiriho." Aje aniage ningali hai.

Akamwita Mama Jenoveva. Akataka avikwe kile kitenge kipya alichokiweka ndani ya sanduku lake, ambacho sote tunajua alikiweka kwa ajili ya kuzikiwa. Akataka apakwe mafuta. Akataka ainuliwe, aketishwe ameegemea ukuta, na mkeka utandikwe chini mbele yake. Tangu alasiri amekaa hivyo, na kila tukimwomba ajinyooshe kidogo anakataa, anasema watu wa msiba hawapokelewi na mtu aliyelala.

Kwa hiyo msiba wako ni leo, mwanangu, na mwenyewe yupo. Usisimame hapo mlangoni kuisoma barua hii mara ya pili. Vua viatu, ingia. Anakungoja wewe tu, naye amekwisha kuchoka kukaa.

Baba yako,
Petro